Sahihi ya Saa Nane Mchana

Mabatini, Mwanza
Jumapili, 9 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Shikamoo nyingine ni ya Mama, mfikishie kabla hujaendelea kusoma, maana najua ukishavaa miwani hunyanyuki tena. Mguu unaendeleaje? Bado unavimba jioni au umepungua? Na vidonge vya presha unameza kila siku, au unameza siku unayokumbuka, wewe uliyewafokea wagonjwa wa Ukerewe nzima kwa kosa hilo hilo? Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala kiasi. Huku mvua zimeanza kwa fujo. Juzi maji yalishuka kutoka kwenye mawe ya juu yakaingia ndani kwa jirani, kwangu yakapita pembeni.

Utashangaa kuletewa barua na Mama Fadhila badala ya kupigiwa simu. Simu nilijaribu, Baba. Jumapili iliyopita nilikuuliza habari za mguu, ukanijibu kwamba machungwa mwaka huu ni mengi, kisha ukampa Mama asikilize. Niliyonayo siwezi kuyasema kwa Mama, atalia kabla sijafika katikati. Wala siwezi kuyapigia kelele ili uyasikie, kwa sababu chumba nilichopanga kuta zake hazifiki darini na jirani yangu anapenda habari. Ndiyo maana nimekaa na karatasi. Ila nikuonye mapema kwamba kichwa changu kimevurugika, na mahali nitakapojichanganya usifikiri ni uzee wa macho yako.

Jambo lenyewe kwa ufupi ni hili. Kuna mama mmoja anaitwa Odeta, mkazi wa Igoma, anayekaa kwenye baraza ya wodi yetu tangu wiki mbili zilizopita. Mwanawe aliacha kupumua akiwa mikononi mwetu. Watu wote wanasema mama ndiye aliyemdhuru, na wakwe zake wameshamtangazia kwamba mtoto akiruhusiwa watamchukua wao, yeye atafute njia ya kurudi kwao Sengerema. Mimi sijui kama ni kweli ni yeye. Na mimi ndiye mtu pekee katika wodi ile mwenye sababu ya kutokujua.

Nianze na wodi, maana hujafika tangu nihamishiwe kwa watoto mahututi. Tuna vitanda vinane na mashine mbili za kupumulia. Zamu moja ni wauguzi wawili, siku mbaya mmoja. Watoto wanaoletwa kwetu ni wale ambao wodi nyingine zimeshindwa, kwa hiyo kila anayeingia ameshachelewa kidogo. Muuguzi mkuu wetu ni Sista Bernadeta, mama mnyoofu, mtu wa kanisani, asiyependa uchafu wala karatasi zenye nafasi tupu. Mwaka jana tuliletewa fomu mpya za kuripoti tukio lolote baya linalompata mgonjwa, dawa iliyokosewa, mtoto aliyeanguka, mpira uliochomoka. Fomu imeandikwa kwamba huhitaji kutaja jina na hakuna atakayeadhibiwa. Likawekwa na sanduku lenye kufuli. Kwa mwaka mzima sanduku limepata fomu tatu: moja ya bomba linalovuja, moja ya feni, na ya tatu ilikuwa malalamiko kwamba chai ya zamu haina sukari. Usicheke, Baba. Au cheka, maana sisi tulicheka sana.

Kitu ambacho fomu haikijui ni desturi yetu ya kufunga zamu. Ile chati ya dawa ya kila mtoto ina vichumba vya saa. Ukishachoma dawa ya saa nane unatia sahihi kwenye kichumba cha saa nane. Ndivyo ulivyonifundisha na ndivyo chuo kilivyonifundisha. Lakini ukiwa na watoto wanne mahututi, mmoja anatapika, mwingine dripu imegoma, kalamu unaiacha mfukoni. Sahihi tunaziweka mwishoni. Kabla ya kuondoka muuguzi anapita kitanda hadi kitanda na kujaza vichumba vyote vya zamu yake, vile anavyokumbuka na vile anavyoamini kwamba lazima alichoma, kwa sababu Sista Bernadeta akikuta kichumba kitupu atakiuliza mbele ya watu, na hakuna anayetaka kumwachia mwenzake aibu hiyo. Wakati mwingine tunajaziana. Mtu akiwahi msiba, tunamjazia. Tunauita ubinadamu.

Mtoto wa Odeta anaitwa Ngosha, ana miaka mitatu, shavu limejaa, na kwenye kiuno ana uzi mweusi ambao tuliuacha tu kwa sababu hauzuii kitu. Baba yake, Luhende, ni fundi wa kuchomelea mageti. Mtoto aliletwa Jumatatu jioni na malaria kali iliyopanda kichwani, akiwa na degedege lisilokatika. Jumanne asubuhi lilitulia, likarudi adhuhuri. Daktari Salehe, kijana mpole anayetuita sisi sote dada, akaandika dozi kubwa ya kwanza ya dawa ya degedege, ichomwe saa nane mchana. Ile dawa unaijua kuliko mimi. Ikitosha, mtoto anatulia. Ikizidi, mtoto analala mpaka anasahau kuvuta pumzi.

Siku hiyo asubuhi alikuwapo Evelina, mwenzangu niliyemtaja Krismasi, yule anayeimba kwaya. Mimi niliingia zamu ya mchana. Saa nane na nusu Ngosha akaanza kupumua kwa kuruka, mara pumzi, mara kimya, kisha kimya kikawa kirefu. Nilimpulizia hewa kwa mfuko wa mkono huku nikihesabu kwa sauti kama ulivyokuwa unahesabu wewe matone ya dripu. Daktari Salehe akaja mbio, tukamwingiza mpira kooni, tukamlaza kwenye mashine. Moyo haukusimama hata mara moja, hilo namshukuru Mungu. Kisha likaja swali la nini kimempata, na chini ya kitanda ikaonekana chupa ya soda yenye maji ya kahawia.

Odeta hakukataa. Alisema ni mizizi aliyoletewa na mama mkwe wake, na kwamba asubuhi alimpa mtoto vizibo viwili vya chupa ile, kwa kuwa mama mkwe alisema ngosha wote, yaani wanaume wote, wa ukoo wao huponywa na mizizi hiyo. Mama mkwe alipofika jioni akasema hajui chupa wala mizizi, na kwamba mwanamke huyo tangu aolewe ana mambo yake. Luhende alisimama katikati yao akitazama viatu vyake. Kwenye faili ikaandikwa dawa ya kienyeji. Siku ya pili wafagizi walijua, siku ya tatu mama wa watoto wengine walihamisha kanga zao mbali na ya Odeta pale barazani. Anafua nguo za watoto wa wenzake bila kuombwa, na wenzake wanazianika bila kumshukuru.

Ngosha aliamka siku ya nne. Tulimtoa mashine, akalia, nasi tukalia. Lakini mkono wa kushoto hauinuki vizuri, na ukimwita anachelewa kugeuka, kana kwamba jina lake linamfikia kwa safari. Daktari Salehe anasema huenda ni malaria yenyewe, maana huacha alama kama hizo. Huenda ni zile dakika alizokosa hewa. Huenda yatarudi polepole. Kila siku Odeta ananiuliza mimi, si daktari, mimi, kwa sababu ndiye niliyempulizia mwanawe hewa na ananiona mkombozi, iwapo vizibo viwili vinatosha kumzuia mtu kupumua. Kila siku namjibu kwamba mambo ya kitaalamu ni magumu. Aibu iliyoje, Baba. Mwanamke anauliza ndiyo au hapana, mimi nampa hotuba.

Sasa nifike kwenye mchanganyiko wangu. Chati ya Ngosha ina sahihi moja kwenye kichumba cha saa nane. Ni sahihi ya Evelina. Na mimi, Baba, dawa ile niliichoma.

Ilikuwa hivi. Nilifika saa saba na nusu, mapema, kwa sababu Evelina alikuwa na safari ya msibani Magu. Alikuwa amekwenda dirisha la dawa kuchukua za jioni. Nikapita vitandani. Kwa Ngosha nikaona mdomo unaanza kuchezacheza upande mmoja, nikajua degedege linarudi. Nikasoma chati. Dozi imeandikwa, kichumba kitupu. Nikaivuta dawa. Nilisoma kibandiko nilipoichukua, nikakisoma nilipoivuta, nikakisoma kabla ya kuchoma, mara tatu, kwa sauti, mpaka mama wa kitanda cha jirani akacheka kama walivyokuwa wakikucheka wewe na kukuita Mzee Soma Tena. Jina lilikuwa sawa, kipimo kilikuwa sawa. Nikachoma taratibu. Nikataka kutia sahihi, mtoto wa kitanda cha pili akachomoa mpira wa oksijeni, nikakimbilia kule, na Evelina akaondoka kwa haraka kabla hatujakabidhiana. Kusoma kibandiko umenifundisha, Baba. Kusoma kichumba kitupu sikujua. Katika wodi yetu kichumba kitupu hakina maana kwamba dawa haijachomwa. Kina maana kwamba muuguzi bado hajakaa chini. Nami najua hivyo kuliko mtu yeyote, kwa sababu hata mimi nafanya hivyo.

Kwa hiyo ama Evelina alikuwa ameshachoma mapema ili awahi safari yake, na nikaongeza dozi ya pili juu ya ile kubwa. Au hakuwa amechoma, aliporudi akaona mtoto ametulia na bomba la sindano liko tupu kwenye kisahani, akafunga zamu kwa kujaza kichumba, na Ngosha alipata dozi moja tu kama ilivyotakiwa. Vichupa vitupu vingenijibu, lakini sanduku la sindano lilikuwa limeshapelekwa kuchomwa moto jioni ile. Kupima damu kuona dawa imo kiasi gani, kwetu hakuna kipimo hicho.

Nilimwuliza Evelina aliporudi kutoka msibani. Sikumwuliza kwa hila, nilimwambia kwamba nilichoma. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akashika kichwa. Akasema anakumbuka kuchoma dawa ya degedege mchana ule, ila mtoto wa kitanda cha tano naye alikuwa na dawa ile ile saa ile ile, na kila akijaribu kuona mkono wake unachoma, anaona mkono tu, haoni mtoto. Akasema kichumba alikijaza kwa nia njema. Mimi namwamini, na hilo ndilo linalonitesa, kwa sababu angekuwa mwongo ningejua pa kusimama. Mara nasema ni dozi mbili, hakika. Nikioga nasema hapana, malaria kali peke yake huzima pumzi ya mtoto, nimeona kwa macho. Nikipanga foleni ya maji nasema ni ile mizizi, nani anajua imo nini. Nikimwona Odeta anakamua nguo nasema ni mimi. Siku nzima nazunguka hivyo mpaka usiku nahisi kizunguzungu cha mtu aliyetoka melini.

Ijumaa nilikwenda kwa Sista Bernadeta. Alinisikiliza bila kunikatisha. Akasema fomu ipo kwa ajili hiyo hiyo, ili tujue desturi gani inaumiza watoto, na wala haikuwekwa kwa kumnyonga mtu. Kisha akafunga mlango, akasema pia nifikirie leseni yangu, na ya Evelina, na kwamba mtoto yu hai, na mama mwenyewe amekiri. Akasema ataniombea. Nilitoka nikiwa sijui kama nimeambiwa niseme au ninyamaze, na nadhani hata yeye hajui.

Baba, rudi nyuma kidogo. Rudi pale nilipoandika kwamba chini ya kitanda ikaonekana chupa. Nimeandika hivyo makusudi, mkono wangu ulikataa kuandika vingine. Chupa haikujionesha yenyewe. Niliiona mimi, na niliiona mapema, nilipokuwa nachoma dawa. Odeta aliona kwamba nimeiona. Alinitazama tu, nami nikampa ishara ya macho kwamba tutaongea baadaye, kwa upole, kama wewe ulivyokuwa ukiongea na watu wenye mizizi yao bila kuwavunjia heshima. Alinishukuru kwa macho vile vile.

Ngosha alipokwisha kuwekwa kwenye mashine nilikwenda kutia sahihi yangu. Ndipo nikakuta sahihi ya Evelina, saa nane kamili, mwandiko wake mzuri wa kulala. Nilielewa papo hapo. Nilikuwa nimeshika kalamu, nikairudisha mfukoni. Nikarudi kitandani, Daktari Salehe akauliza kwa mara ya pili mtoto huyu amepewa nini, mwenye kujua aseme. Nikainama, nikaitoa chupa, nikaiinua mbele ya watu wote. Sikusema uongo hata neno moja. Niliinua chupa tu. Odeta alinitazama tena, safari hii bila shukrani, ila hata sasa hajawahi kunitaja kwa mtu kwamba niliiona tangu awali. Ananiita dada Wilhelmina. Jana aliniletea nusu ya mhindi wake wa kuchoma.

Nusu ile ya mhindi ndiyo iliyonishinda. Niliishika nikashindwa kula. Nikamwita tukakaa nyuma ya ukuta wa kufulia, nikamwambia yote, dozi yangu, sahihi ya Evelina, kichumba, chupa. Nilimwambia pia kwamba simwambii ya kuwa hana kosa, maana sijui, na mizizi asimpe mtoto tena. Hakulia. Aliniambia niseme tena. Nikasema tena. Akatazama mikono yake, akaniambia niseme kwa mara ya tatu, polepole. Kisha akaniuliza jambo moja tu, kama naweza kuyasema hivyo hivyo mbele ya mama mkwe wake na Luhende. Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikumwomba.

Kutoka pale nilikwenda wodini nikaomba faili. Chini ya sahihi ya Evelina nikaandika kwamba dawa hiyo niliichoma mimi pia, au mimi peke yangu, haijulikani, na nikaweka tarehe ya jana kwa sababu ndiyo siku niliyoandika. Fomu nimejaza. Mahali pasipohitaji jina nimeweka jina. Evelina nilimpigia kabla, akalia, akasema naye ataandika ya kwake. Kesho Jumatatu saa nne asubuhi kuna kikao, na ndugu wa Luhende wameitwa kuelezwa hali ya mtoto. Odeta atakuwepo. Mimi nitasimama.

Sikuombi ushauri, Baba, barua hii itavuka kwenda Nansio wakati kikao kimeshapita. Naogopa. Naogopa leseni, naogopa macho ya yule mama mkwe, naogopa zaidi kwamba nitasimama nianze na malaria na mizizi na upungufu wa wauguzi, na jina langu lije mwisho watu wakiwa wamechoka kusikiliza. Nilitaka kwanza niyaone yamekaa kwenye karatasi. Wewe ulikaa zahanati miaka thelathini na moja. Siamini kwamba miaka yote hiyo hukuwahi kusimama mbele ya kitu ambacho hukijui kama ulikifanya. Hukuwahi kuniambia, na mimi sikuwahi kuuliza. Ukiweza, niandikie. Ukishindwa kuandika, mguu ukipona njoo tu ukae siku mbili, sitakuuliza kitu.

Nisalimie Chenge, mwambie ile redio yake imetengenezwa, Mama Fadhila ataileta safari nyingine. Msalimie jirani yetu mwenye mbuzi wasumbufu. Mama mwambie namwombea na mimi aniombee, ila usimsomee barua hii mpaka kwanza awe amekula. Na wewe meza vidonge vyako.

Kabla ya kuifunga nimeisoma mara tatu kwa sauti, jirani asikie akitaka. Mara zote tatu imesema lile lile.

Ni mimi mwanao,

Wilhelmina
Sahihi yangu, saa nane na dakika kumi mchana.